Kazi za Mikono, Maswali ya Wasomaji: Kuunda "Shakwe" wa Polikarpov kwa Mbao na Karatasi ya Tiara

Barua nne zilizotufikia mwezi huu, mbili kutoka Pemba na mbili kutoka Unguja, zinauliza juu ya jambo moja: namna ya kuunda mfano mdogo wa I-15, ndege ya kivita ya Kisovieti ya miaka ya 1930 yenye mabawa ya tabaka mbili. Kwa kuwa majibu yake yanategemeana, tumeziweka pamoja na kuiachia ndege hiyo nafasi yote ya safu hii.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni seremala wa samani hapa Wete. Mjukuu wangu ameniletea picha ya ndege ya zamani ya Kirusi iitwayo I-15 akaniomba nimuundie. Yale maboksi ya plastiki ya kuunganisha ni ghali na huku hayafiki, lakini mbao ninazo. Nianze na vipimo gani? Na je, ndege zote za jina hilo ni sawa?
Seremala, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, mzee wetu. Swali lako la pili ndilo la kujibiwa kwanza, kwa sababu anayekata mbao kabla ya kujua ni I-15 ipi anayoiunda huja kugundua, kazi ikiwa imeshafika mbali, kwamba bawa ni la ndege moja na miguu ni ya nyingine.

Mbunifu wake ni Nikolai Polikarpov, mtoto wa kasisi wa kijijini, aliyezaliwa mwaka 1892. Alikamatwa mwaka 1929, na akiwa kifungoni yeye na wahandisi wenzake walibuni ndege ya kivita ya I-5, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwezi wa Aprili 1930. I-15 ndiyo iliyofuata nyayo zake. Rubani Valery Chkalov aliirusha mara ya kwanza Oktoba 1933, na kabla ya mwaka kumalizika ikawa imesharuka pia I-16 ya mbunifu huyo huyo, yenye bawa la tabaka moja. Hiyo ya pili ilikusudiwa mbio. I-15 ilikusudiwa kugeuka haraka mahali padogo na kupanda juu upesi. Novemba 1935 rubani Vladimir Kokkinaki alipanda na I-15 iliyopunguzwa uzito mpaka mita 14,575, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya kimo cha Kilimanjaro, naye amekaa katika chumba kisicho na paa. Uwezo huo unaonekana katika umbo lake: mwili mfupi na mnene, pua butu, mabawa mapana. Mfano ukitoka mwembamba na mrefu kwa kutaka upendeze, basi si I-15 tena.

Alama yake kuu ni bawa la juu. Halipiti juu ya kiwiliwili likiwa limebebwa na nguzo. Kila upande wake, unapokaribia katikati, hushuka na kuingia kwenye mabega ya ndege, vile vile anavyoyakunja mabawa shakwe anayeelea juu ya bandari yenu. Warusi nao waliliona hilo wakaiita Chaika, yaani shakwe. Hata hivyo marubani walilalamika kwamba mashina ya bawa hilo yanawaziba macho wakati wa kuruka na kutua, ndipo toleo lililofuata, I-15bis, likapewa bawa la juu lililonyooka juu ya nguzo fupi. Baadaye ikaja I-153, bawa la shakwe likarejea, lakini magurudumu yake hukunjwa yakaingia ndani. Kwa hiyo itazame picha ya mjukuu wako mara mbili, kwanza shina la bawa la juu, kisha miguu. Bawa likiwa limekunjwa kama la shakwe na kila gurudumu likiwa limesimama juu ya mguu mmoja usiokunjwa, hiyo ndiyo I-15 yenyewe.

Ama vipimo, bawa la juu lilikuwa na mita 9.75 kutoka ncha hadi ncha, na ndege nzima ilikuwa na urefu wa mita 6.10. Wanaounda kwa plastiki hutumia 1:72 au 1:48, lakini kwa mikono iliyozoea randa na patasi ningependekeza 1:20, ambapo kila mita moja huwa sentimita 5 na hesabu haikuchoshi. Bawa la juu litakuwa na sentimita 48.75 na urefu utakuwa sentimita 30.5. Kama mjukuu amekuchapishia mchoro kutoka intaneti, usiuamini mpaka uupime: gawanya upana wa bawa kwa urefu wa ndege, na jibu likiwa mbali na 1.6 ujue mchoro umevutwa upande mmoja wakati wa kuchapwa. Nimeona mchoro wa namna hiyo ukimharibia mtu kazi ya miezi miwili.

Kiwiliwili kiunde kama mafundi wa Nungwi wanavyounda jahazi, kwa mkuku na mataruma. Kata mkuku wa plaiwudi unaofuata umbo la ubavu wa ndege, panga mataruma ya mviringo kila baada ya sentimita 2 au 3, kisha pitisha fito nyembamba kwa urefu. Njia hii inalingana na ndege yenyewe, kwani kiwiliwili cha I-15 kilikuwa kiunzi cha mabomba ya chuma yaliyochomelewa, mbele kikafunikwa kwa mabati ya duralumini na nyuma kwa kitambaa. Ndiyo maana nyuma ya chumba cha rubani fito zinatakiwa zionekane kidogo chini ya ngozi, na mbele pawe laini kabisa. Wengi huusawazisha mwili wote kwa msasa, wakaufuta mpaka huo ambao ndio unaomwonyesha mtazamaji kwamba mbele ni chuma na nyuma ni nguo.

Injini haitakusumbua. Ndege za mwanzo zilitoka na M-22 ya nguvu za farasi 480, kwa kuwa M-25, iliyotengenezwa kwa leseni ya Wright Cyclone ya Marekani, ilikuwa bado haijawa tayari. Zote mbili zina silinda 9 zilizopangwa duara, hivyo kati ya silinda na jirani yake pana nyuzi 40, na moja husimama wima juu. Chonga vijiti vya mviringo, uvizungushie uzi wa cherehani safu kwa safu bila kupandiana, uvipake gundi nyepesi. Ukishapaka rangi nyeusi na kupitisha brashi kavu yenye rangi ya fedha, uzi huo utakuwa mapezi ya kupozea hewa. Kwa gamba la nje la M-25 tafuta kopo la bati lenye kipenyo kinachokaribia sentimita 7.

SWALI: Nimejaribu mara mbili kuunda ndege ya tabaka mbili kwa 1:24, na mara zote mbili mabawa yamekuja kupinda au bawa la juu limekaa upande. Nyaya nazo, nilizotumia uzi, hulegea mvua zikianza. Kosa langu liko wapi?
Mwanafunzi wa chuo, Tunguu

JIBU: Ndugu yangu, umegusa mahali ambapo kazi hii hushinda au hushindwa. Mengine yote katika ndege ya tabaka mbili yanasameheka. Rangi hupakwa upya na rafadha huchongwa nyingine, lakini bawa lililokaa upande si wewe peke yako unayeliona, hata mtoto anayepita mlangoni hulisimamia akauliza kwa nini ndege imeinama.

Ndege yangu mwenyewe ya kwanza niliipoteza kwa usiku mmoja. Ilikuwa katikati ya masika. Jioni nilibandika karatasi upande wa juu wa bawa la chini, nikaridhika na ilivyokaza, nikaliweka bawa juu ya kabati nikaenda kuswali Isha. Asubuhi ncha ya kushoto ilikuwa imenyanyuka kwa kadiri ya upana wa kidole. Nililishikilia juu ya mvuke wa birika mpaka likanyooka, nikafurahi. Siku ya pili likarudi vile vile. Karatasi ilikuwa imejikunja upande mmoja na upande wa pili haukuwa na kitu cha kuuzuia, na mbao nyembamba humfuata anayeivuta. Tangu siku hiyo sibandiki upande mmoja pasipo kuubandika wa pili siku hiyo hiyo, na bawa haliondoki juu ya ubao, limebanwa kwa misumari midogo na vipande vya mbao, mpaka zipite siku mbili. Kazi ya kubandika nimeihamishia wakati wa kipupwe, hewa inapokuwa kavu.

Ama bawa la juu kukaa upande, naamini kosa lako ni kulipanga kwa jicho. Katika I-15 jambo hili ni gumu zaidi kuliko katika ndege nyingi za aina yake, kwa sababu kati ya bawa la juu na la chini kuna nguzo moja tu kila upande, iliyopanuka juu na chini kama herufi I. Ndege yenye nguzo za umbo la N hujishika yenyewe kwa pembetatu zake. Nguzo moja inaweza kuegemea mbele, nyuma, ndani au nje, na gundi ikishakauka huwezi kuirudisha.

Unda kwanza kiunzi cha kuishikilia ndege. Chukua ubao uliopigwa randa ukanyooka, chora mstari wa katikati, kisha kwa skwea uchore mstari wa mabawa unaoukata ule wa kwanza kwa pembe mraba. Kiwiliwili kikae juu ya vitako viwili, mstari wake wa katikati ukiwa juu ya ule wa ubao, na ukihakikishe kwa timazi puani na mkiani. Bandika bawa la chini, chini ya kila ncha ukiweka kigingi cha kimo kimoja. Zifuate zile sehemu fupi mbili za ndani za bawa la juu, zinazoinuka kutoka mabegani. Hizi ndizo zinazoamua kila kitu, kwa hiyo zikatie kalibu ya plaiwudi yenye pembe ile ile kushoto na kulia, wala usizitegemee macho. Zikikauka ndipo ufunge sehemu ndefu za nje, nguzo zikiwa tayari mahali pake, na vigingi virefu vikizishikilia ncha.

Kabla gundi haijashika, chukua uzi usiovutika. Funga ncha moja katikati ya mkia, ipeleke nyingine hadi ncha ya bawa la juu la kushoto, uweke alama, kisha uihamishie kulia. Alama isipoangukia pale pale, sogeza. Fanya hivyo pia kutoka puani. Kipimo hiki cha dakika mbili kimeniokoa zaidi ya chombo chochote nilichowahi kununua.

Sasa nyaya. Ni vyema ujue kazi yake katika ndege halisi, kwa maana ukiijua hutazikosea njia. Ndege ikiwa hewani, hewa huyasukuma mabawa juu, na zinazoyazuia yasikunjike ni nyaya zinazotoka chini ya kiwiliwili kwenda kwenye kichwa cha nguzo. Ikiwa chini, uzito wa mabawa hubebwa na zile zinazotoka shina la bawa la juu kwenda kwenye tako la nguzo. Basi ukitazama kutoka mbele utaona zinakatana kama herufi X kila upande. Hazikuwa kamba za mviringo. Zilikuwa bapa, zikielekeza ubavu mwembamba mbele ili zikate upepo.

Uzi wa pamba haufai, maana hunywa unyevu na kubadilika kila majira. Mshipi wa nailoni ni afadhali, lakini nao hurefuka kwa unyevu, na ukiukaza sana utavuta bawa. Mimi hutumia waya wa shaba wa mota iliyoungua, ambao mafundi wa kusuka mota hukupa wakati mwingine bila malipo. Chagua wenye unene wa karibu nusu milimita au pungufu, ukwangue vanishi yake, shika ncha moja kwa jiriwa na nyingine kwa koleo, kisha uvute polepole. Utauhisi mkononi: kwanza unakataa, halafu unakubali kidogo kama kitu kinachopumua, na hapo hapo huwa umenyooka kuliko rula. Uweke juu ya kioo, upitishie kipande cha chuma kizito mara tatu nne mpaka ubapike. Pima umbali kwa bikari, kata, ingiza ncha zake katika matundu uliyoyatoboa kabla ya kubandika mabawa, na uzishike kwa tone la gundi. Waya huu haukazwi, umesimama tu kwa urefu wake, kwa hiyo hauna cha kulegea wala cha kuvuta. Pamba uliyoitumia si kosa lako peke yako, vitabu vingi vinaielekeza, lakini vimeandikwa na watu wa nchi ambazo hazina masika yetu.

SWALI: Mimi ni mshonaji, na mwanangu anaunda ndege hiyo hiyo. Kwa kuwa ya kweli ilivikwa kitambaa, nilimpa kipande cha melimeli nyembamba kabisa, lakini kila anayekiona anasema kinaonekana kama godoro. Tufanyeje?
Mama wa Mkunazini

JIBU: Bi mkubwa, kitambaa ulichompa ni kizuri, tatizo ni kipimo. Mfano ukiwa wa 1:20, kila uzi wa nguo ya ndege ya kweli unatakiwa uwe mwembamba mara ishirini, na hakuna mfumaji duniani awezaye kuufuma. Macho hukiona hicho kisichopungua hata kama mtu hajui anachokiona. Hivyo nguo ya ndege kubwa katika mfano mdogo huwa karatasi.

Karatasi inayofaa watoto wetu wanaijua tangu zamani, ni ile nyepesi wanayoundia tiara. Mabawa ya I-15 yalikuwa ya mbao, yenye boriti mbili zilizopita kwa urefu na mataruma yaliyopangwa juu yake. Mwanao akate mataruma kwa plaiwudi ya milimita 1, yote kwa kigezo kimoja, ayapange juu ya boriti, na ukingo wa mbele autie ufito uliochongwa ukawa mviringo. Ukingo wa nyuma unaweza kutoka katika chelewa, akitumia upande wa shina ambako unene haupungui haraka. Gundi iwe uji wa unga wa ngano uliochujwa, mwepesi, kwani huo humpa mtu nafasi ya kusogeza karatasi kabla haijashika. Karatasi ikishakauka, ainyunyizie maji kama wewe unavyonyunyizia nguo kabla ya kuipiga pasi, yaani ukungu tu, na ikikauka mara ya pili itakaza kama ngozi ya ngoma. Bawa wakati huo liwe limebanwa juu ya ubao, pande zote mbili zikiwa zimebandikwa, kama nilivyomweleza ndugu wa Tunguu.

Hapa ndipo utaalamu wako utakapohitajika. Katika ndege zilizovikwa nguo, kitambaa hushonewa kwenye mataruma, na juu ya mshono hupakwa utepe ili upepo usiuchane. Kata tepe za karatasi hiyo hiyo, upana wa milimita 1 na nusu, uzibandike juu ya kila taruma, mkato wako uwe ulionyooka kama wa pindo. Mwanao asiibonyeze karatasi ili aonyeshe mabonde makubwa kati ya mataruma. Nguo ya ndege iliyotunzwa ilikaza sana, na bonde likiwepo linatakiwa lionekane tu mwanga unapokuja kwa ubavu.

SWALI: Naomba kujua rangi sahihi, na kama nyota nyekundu huwekwa ukingo mweupe.
Kijana wa Mkoani

JIBU: Kwa ndege za jeshi la Kisovieti za wakati huo, paka kijani iliyokoza juu na ubavuni, na buluu hafifu iliyochanganywa na kijivu kidogo upande wa chini. Ukingo mweupe usiuweke; nyota zenye ukingo huo zilianza kuenea mwaka 1943, I-15 ikiwa imeshapitwa na wakati. Yako iwe nyekundu tupu, au yenye mstari mwembamba mweusi ikiwa picha unayoifuata inauonyesha.

Ukipenda rangi zaidi, unda iliyopigana Hispania katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ndege hizi zilifika huko Oktoba 1936 na mwezi uliofuata zikawa zinapigana juu ya mji wa Madrid. Wahispania wakaziita Chato, yaani pua bapa. Zilivikwa mikanda mipana myekundu kwenye mabawa na kiwiliwili, usukani wa mkia ukapakwa nyekundu, manjano na zambarau kwa mpangilio huo kutoka juu, na zikaandikwa herufi CA zikifuatwa na namba.

Rangi ya mafuta ya kawaida inafaa, lakini ipunguze makali kwa tapentaini na uipake mara tatu nyepesi, kwani mpako mmoja mzito utazifunika tepe zote zilizobandikwa kwa taabu. Ijaribu kwanza juu ya kipande cha karatasi ya tiara kilichobandikwa kwenye fremu ya vijiti. Nyota ichore kwa bikari juu ya karatasi ngumu, ukiigawa duara kwa nyuzi 72 mara tano, ukate tundu lake na upake kupitia hapo kwa sponji iliyokamuliwa ikabaki karibu kavu, ncha moja ya nyota ikielekea mbele kwenye bawa na juu kwenye kiwiliwili.